Barua kwa mwanangu: bonde linaonekana vizuri wapi

Muheza, mwishoni mwa masika

Mwanangu kifungua mimba,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na hela ya dawa za baba yako nayo imefika, Mungu akuzidishie. Sisi hatujambo. Mguu wake ndio ule ule, na mvua imegoma kukatika. Naandika kwa kalamu, mdogo wako ataipiga picha karatasi akurushie, maana kuandika kwa kidole kwenye kioo siwezi, na nikikupigia simu unanikatiza kabla sijafika ninakokwenda.

Umeniuliza: kule juu shambani kwa babu yako, ni sehemu gani bonde la Zigi linaonekana vizuri kuliko zote, mjue pa kuweka vile vyumba viwili vya wageni wewe na mumeo. Umesema wageni wa siku hizi wanalipia mandhari, mtu akifungua dirisha aone kijani mpaka macho yachoke. Sawa. Mjomba wako angekujibu kwa kidole tu, pale. Mimi naona ungeanza kuuliza linaonekana saa ngapi, na mwezi gani.

Kwa sababu ukiwaleta hao wageni mwezi wa nne, wasimamishe popote upendapo, watalipia ukungu. Unasahau kwamba kule si kama hapa. Bahari iko karibu, upepo unakuja umebeba mvuke wake, ukiugonga ule mlima unautua mzigo pale pale. Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Sisi hapa Muheza tunaanika nguo juani, bibi yako alikuwa anazianika juu ya moto, ndiyo maana sare zako za shule zilikuwa zinanuka moshi na ulikuwa unalia. Januari na Februari, sawa, anga inafunguka. Lakini mimi nikiambiwa nichague, nachagua asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, kwenye saa tatu. Ukungu hauondoki wote kwa mpigo. Vilele vinatoka kwanza, halafu mashamba ya chai kule ng'ambo, halafu migomba ya jirani, na bondeni kwenyewe bado kweupe. Hapo ndipo hondohondo wanapovuka. Unasikia mabawa yanavuma kabla hujawaona, watoto wote walikuwa wanatazama juu, na wewe ulikuwa unajificha kwenye kanga yangu.

Kinachobaki cheupe mwisho kabisa ni mto. Unajua nitakalosema, na ulicheke: bonde ni maji, mengine yote ni mapambo. Chai ni mapambo, vipepeo vya mjomba wako ni mapambo, hata yale maua ya zambarau ya kwenye miamba, yale ambayo Mjerumani mmoja aliyekuwa ofisa wa Tanga, Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na sasa yanauzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina lake. Mazuri, sikatai. Lakini yapo pale kwa sababu mwamba unatiririka maji. Ukikauka, hakuna ua. Zigi inashuka kutoka juu, inapita Sigi pale penye nyumba ya zamani ya stesheni ya reli, inakwenda kujaza bwawa la Mabayani, ndiyo hayo maji ya bomba ya Tanga mjini. Ulipokuwa bweni ukinipigia simu ya mwalimu kulalamika maji yamekuwa na rangi ya chai, mimi nilikuwa najua tu kwamba kwetu kumenyesha na kuna mtu amelima mpaka ukingoni. Siku hizi mamlaka ya maji ya Tanga imeuza hata hatifungani, yaani watu wanaikopesha pesa nayo inawarudishia na riba, ile ya mwaka 2024 uliyonieleza wewe mwenyewe mpaka nikasinzia. Nilichoelewa ni kwamba sasa na watu wa Dar wameweka pesa zao kwenye mto wa babu yako.

Na usiwaambie wageni kila kijani wanachokiona ni msitu wa asili. Wajerumani walipofungua kile kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 walileta miti ya nchi mbalimbali kuijaribu. Misizi ile mirefu, unayoipenda kwa sababu imenyooka, wenyeji wake si sisi, na hao hao hondohondo wanaokula tunda lake ndio wanaoipanda kila mahali. Babu yako alikuwa akiitazama anasema "wageni hao wamezaana." Ila alikata kenchi za nyumba humo humo.

Sasa hiyo nyumba ndiyo inayonirudisha kwenye jambo ambalo nimekuwa nalizunguka tangu ulipouliza.

Bati la ile nyumba unajua lilitoka wapi. Wewe ulikuwa shuleni mwaka ule waliokuja kuhesabu iliki, kwa hiyo umesikia tu, na umesikia kwa mjomba wako ambaye siku hiyo alikuwa Muheza sokoni ingawa anasimulia kana kwamba alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepanda kumuuguza bibi yako.

Msitu wa upande ule ulitakiwa uunganishwe na wa upande huu, wanyama wapite, na shamba la iliki la babu yako lilikuwa katikati. Wakaja vijana wanne na mkubwa wao, na kopo la rangi nyekundu ya kutia alama kwenye miti, kamba, na daftari. Fidia ilikuwa kwa shina. Iliki unaijua, haizai juu kwenye macho ya mtu, inazaa chini, vikonyo vimelala kwenye udongo, unachuma umechuchumaa mgongo unauma na siafu wanakupanda. Kwa hiyo na wao ilibidi wachuchumae. Shina moja, andika. Shina moja, andika. Babu yako anawafuata nyuma na fimbo yake, kimya. Walipofika mwisho wa shamba wakafunga daftari, akasema, "Kuna moja limebaki." Likiwa nyuma ya gogo lililooza, kule chini kabisa karibu na maji. Yule wa daftari akacheka, "Mzee, shina moja tu?" Babu yako akasema, "Moja tu. Twende." Akawashusha wote, na viatu vyao, wakaliona, wakaandika, wakapanda tena wanahema.

Hilo la shina huwa linanifurahisha mpaka leo. Linaloniuma ni lililofuata. Yule mkubwa wao alikwenda akasimama juu ya lile jiwe pana, mbele ya jiko la bibi yako. Ukungu ulikuwa ndio umeinuka. Akaweka mikono kiunoni, akatazama chini kote mpaka kule bonde linakopotelea, akasema, "Mzee, mnaishi pazuri sana hapa." Rangi bado mbichi kwenye mti nyuma yake, inachuruzika. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa moyo safi, naapa. Na babu yako akamjibu, "Karibuni chai," na mimi nikaipika, na nikatia iliki, na wakaisifu.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu, mwanangu, tangu wakati ule, na ninayegombana naye hachoki.

Nasema: walikuwa na haki. Iliki inataka kivuli lakini haitaki kitu kingine chini yake, kwa hiyo tulikuwa tunafyeka kila mche unaochipua, tunabakiza miti mikubwa peke yake. Kutoka ng'ambo unaona msitu umesimama. Ukiingia ndani, wazee wasio na wajukuu. Na baada ya miaka michache udongo umechoka, iliki haitoi kitu, unahamia mbele na panga lako. Kijito cha pale nyuma kilikuwa kinakatika kila kiangazi, hilo nimeliona kwa macho yangu, tulikuwa tunachimba mchanga kwa kata tupate maji ya uji. Leo hakikatiki. Kama bonde ni maji, na mimi ndiye ninayesema bonde ni maji, basi mdomo wangu nifunge.

Halafu nasema: haki gani? Reli ya Sigi ilijengwa ya nini kama si kubeba magogo? Na misumeno ya mashine ya miaka ya 1970 na 1980, ile iliyokuwa inalia mchana kutwa mpaka kuku wanaacha kutaga, nani aliipaka rangi nyekundu? Iliki ndiyo iliyokusomesha wewe. Mzee mwenye panga moja ndiye aliyehesabiwa shina kwa shina. Na pesa ilipokuja, na ilichelewa, ikatosha bati na kiasi kidogo cha juu yake. Bati zuri, sikatai, ndilo hilo.

Babu yako mwenyewe hakusema lolote, si la kulaumu wala la kusifu. Ila hakusimama tena juu ya lile jiwe. Alikuwa akitaka kutazama hali ya hewa anazunguka nyuma ya banda la mbuzi, ambako huoni kitu. Bibi yako alimuuliza mara moja, akajibiwa jua linamwumiza macho. Saa kumi na mbili asubuhi!

Na mjomba wako na vipepeo vyake, nikutajie tu, maana najua una mpango wa kumweka awe mwongoza wageni. Ile biashara ilikuwa nzuri wakati wanasafirisha vifukofuko kwenda Ulaya, kila wiki boksi. Serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016, na vipepeo wakaingia humo humo kwenye wanyama. Vile vizimba vyake vya neti vikawa vya kuanikia dagaa. Kwa hiyo akikuambia utalii hauna hasara, muulize habari za dagaa.

Haya, swali lako. Nisije nikaambiwa nimeandika kurasa zote hizi na sijajibu.

Ni juu ya lile jiwe. Hakuna pengine. Yule bwana aliona sawasawa, na ndiyo maana linaniuma. Upande wa banda la mbuzi umezibwa na misizi, na kule kwenye migomba unaona nusu tu. Jiweni unaona mto unavyojipinda mara mbili kabla haujaingia kwenye miti, unaona chai, unaona mlima wa ng'ambo wote, na siku ya anga safi, mwezi wa pili, ukielekeza uso mashariki unaona mstari wa bahari. Mbega wanashuka kwenye mkuyu ulio chini yake jioni, utawaona migongo, jambo ambalo si rahisi kumwona mbega kutoka juu. Wageni watalipa. Hata mimi ningelipa.

Kama mjenge au msijenge, hilo hukuniuliza. Na baba yako kaniapisha, mbele ya mdogo wako, nisitie mdomo, amesema shamba ni lenu sasa na pesa ni zenu. Basi sitii. Kwani si mimi niliyekuzaa? Nina la kusema, lakini nimeapa.

Nakukumbusha kitu kimoja ambacho si maoni yangu, ni sheria ya mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, haziruhusiwi shughuli za kudumu wala za kuyaharibu. Na chini ya lile jiwe, unakumbuka, pale ulipovunja mtungi wa bibi yako ukasingizia mbuzi, ndipo chemchemi ilipo. Vyumba viwili vya wageni ni vyoo viwili, na wageni wako wanataka kuoga maji moto asubuhi na jioni, na maji hayo lazima yaende mahali. Nyuma ya jiwe ni mwamba, huchimbi. Mbele ni mteremko. Sijasema kitu, nimeuliza tu shimo litakaa wapi.

Mkija Januari pimeni wenyewe kutoka kwenye chemchemi kwenda juu. Njooni na tepu ya mafundi. Mjomba wako atawaambia hamna haja, yeye anapima kwa hatua, na miguu yake unaijua: shamba la jirani lilipimwa kwa hatua hizo na kesi bado iko kwa mwenyekiti wa kijiji.

Baba yako anakusalimu. Msalimie mumeo na watoto.

Mama yako