Atichoki kwenye joto na unyevu: ya kujua kabla hujapanda

Wanaoanza kulima atichoki, mboga ambayo huliwa tumba la ua lake kabla halijachanua, kwenye nchi ya joto huogopa jua, wakaanza kutafuta kivuli. Jua lina ubaya wake, lakini si lenyewe linaloharibu kazi. Mmea huu ni wa jamii ya alizeti, na asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu. Penye joto na unyevu mambo yamegeuka: mvua inakuja pamoja na joto, na baridi ya maana haiji. Kwa hiyo kazi yako ni mbili, kuutafutia mmea baridi na kuuepusha na maji yanayotuama.

Nianze na baridi, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Atichoki inaweza kunawiri, ikafika kimo cha mita moja na zaidi, majani yake ya kijivu yakapendeza kila apitaye, na isitoe tumba hata moja. Haiumwi. Kwa kawaida huhitaji kwanza saa mia kadhaa za hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi 10 za sentigredi ndipo ianze kutoa matumba. Aina zinatofautiana sana hapa. Green Globe, ambayo ndiyo mbegu utakayokutana nayo kila mahali, hudai baridi nyingi. Imperial Star ilizalishwa California mahsusi ili ipandwe kwa mbegu na kuvunwa katika mwaka wake wa kwanza, na baridi inayoitaka ni kidogo. Mgeni wa kazi hii asihangaike na nyingine.

Hata hiyo Imperial Star isaidie. Loweka mbegu usiku kucha, zichanganye na mchanga wenye unyevu usiochuruzika maji, tia kwenye mfuko usiofungwa kabisa, kisha weka kwenye friji kwa wiki 2 hadi 4. Usiziweke kwenye sehemu ya kugandishia. Chungulia kila baada ya siku chache, na zikianza kuchipua zipeleke kitaluni. Friji haimalizi deni lote la baridi, inalipunguza tu, kwa hiyo kalenda nayo ifanye kazi yake. Hesabu nyuma kutoka miezi ambayo usiku huwa wa baridi kuliko mingine kwako, ili miezi hiyo iikute miche ikiwa tayari shambani na majani manne au matano. Mwinuko pia ni msaada mkubwa. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, hivyo shamba la mlimani linaweza kukupa bure kile ambacho mtu wa bondeni anakitafuta kwenye friji.

Utasikia habari za kupulizia asidi ya jibereliki, homoni ya mimea ambayo huweza kushika nafasi ya baridi. Inafanya kazi, na wakulima wa biashara wanaitumia. Kipimo chake ni kidogo sana, na ukizidisha unapata mashina marefu, membamba, yasiyo na nguvu. Kwa bustani ya nyumbani mimi ningeiacha.

Sasa maji. Atichoki ina kiu, ila haivumilii kusimama majini. Udongo ukilowa siku nyingi huku kukiwa na joto, shina huanza kuozea pale linapokutana na ardhi, na mmea uliokuwa mzima hulala ghafla. Dawa yake hutangulia kupanda: matuta yaliyoinuliwa angalau sentimita 30, mboji nyingi, na mfereji wa kutolea maji. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani. Matandazo ni mazuri kwa kupoza mizizi, lakini yasiguse shina. Acha mita moja au zaidi kati ya mche na mche. Mwanzoni utaona unapoteza nafasi, na utashawishika kupenyeza mchicha katikati. Penyeza, uung'oe mapema, kwa sababu majani yakishatanuka hewa lazima ipite, la sivyo ukungu wa kijivu utaingia kwenye matumba. Vidukari hujificha ndani ya magamba yanayolifunika tumba, na maji ya kasi huwaondoa wengi. Konokono waokote usiku.

Penye hali ya hewa tulivu mmea mmoja huzaa miaka kadhaa. Kwako, uhesabu kuwa zao la msimu mmoja. Ukishavuna na joto kali limerudi, ng'oa, uanze upya.

Wakati wa kuvuna pita shambani kila siku, maana joto hufungua tumba upesi, na likifunguka magamba hukakamaa na kuwa machungu. Kata likiwa bado limefumba, zito mkononi, ukilibana linalia. Bakiza kikonyo cha sentimita 5 hadi 8. Ukikimenya, ladha yake ni ileile ya kitako, yaani nyama laini iliyo chini ya tumba. Tumba la kwanza la kileleni ndilo kubwa, na yale madogo ya pembeni yakiwahiwa hupikwa mazima.

Jikoni, loweka kwanza kwenye maji ya chumvi ili wadudu watoke. Kata theluthi ya juu, punguza ncha za miiba, na kila ulipokata paka limau papo hapo, kwani huwa jeusi haraka. Sufuria ya alumini nayo huharibu rangi, tumia ya chuma kisichopata kutu. Pika kwa mvuke dakika 25 hadi 45 kulingana na ukubwa. Vuta gamba la ndani: likichomoka bila ubishi, limeiva. Kula kwa kuburuta kila gamba kati ya meno, ule nyama ya chini, nyuzi uzitupe. Ukifika katikati utakuta manyoya. Yakwangue yote kwa kijiko, hayo hukwama kooni. Chini yake ndipo kilipo kitako, na kusema kweli shughuli yote hii ni kwa ajili yake.

Tumba lililokuponyoka likaanza kufunguka usilipike zima. Libanduebandue, toa kitako peke yake, kikate vipande na ukikaange kwa mafuta na kitunguu saumu. Anayekula mara ya kwanza mwambie mapema kwamba maji atakayokunywa baadaye huenda yakawa matamu mdomoni. Si sukari, ni kemikali za atichoki zinazouchezea ulimi. Na vitako vikizidi, usivitie kwenye chupa ya mafuta ukaviweka kabatini. Mafuta huzuia hewa tu, na bakteria wa sumu ya botulizimu hustawi pasipo hewa. Chemsha kidogo kwenye maji yenye limau, poza, kisha gandisha.