Kutazama bendi usiyoijua ukiwa Glasgow

Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza kama inafaa, ukiwa masomoni Glasgow, Uskoti, kulipa kiingilio kuitazama bendi ya roki ambayo hujapata kuisikia. Nenda bila kusita, hasa ikipiga katika ukumbi mdogo kama King Tut's Wah Wah Hut, unaochukua watu 300 tu, ambamo mwaka 1993 Alan McGee, mwenye kampuni ya kurekodi muziki ya Creation, aliisikia bendi ya Oasis, wakati huo isiyojulikana, akaiahidi mkataba.

Simama karibu na fundi wa mitambo ya sauti, kwani hapo sauti husikika sawasawa, ilhali mbele kabisa ngoma na magitaa humeza maneno ya mwimbaji. Beba vizibo vya masikio. Huko hakuna desturi ya kutunza jukwaani kama kwenye taarab zetu za Tanga. Hivyo ukiipenda bendi, nunua sahani ya muziki au fulana kwenye meza yao ya mauzo, maana fedha hiyo huwasaidia mno vijana hao kuendelea na safari.