Kabla hujachonga samani za wodi, kaa wodini

Mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi, oda ya hospitali ikija, usianze na futi ya kupimia chumba. Omba ruhusa ukae wodini, asubuhi wakati wa usafi na jioni ndugu wakija kuona wagonjwa. Utagundua kwamba kiti kimoja kina wenyewe wengi: mgonjwa, anayemuuguza, nesi na dada wa usafi.

Kiti ndicho kinachoniuma zaidi. Wodi moja nilimkuta bibi kutoka Tandahimba anataka kuinuka kwenye kiti kifupi kisicho na mikono. Akashika kitanda, kitanda kina magurudumu, kikasogea. Binti yake akamdaka kiunoni. Tangu hapo kiti cha mgonjwa nakipa kimo cha sentimita 48 hivi, na mikono inayofika mpaka ukingo wa mbele ili ajisukume kwa viganja. Chini, mbele, siweki ubao wa kuunganisha miguu ya kiti. Mtu hawezi kusimama vizuri bila kurudisha nyayo nyuma ya magoti, na ubao ule unamzuia.

Kabati la pembeni mwa kitanda lifae kukaa kushoto au kulia, maana aliyepata kiharusi anategemea mkono mmoja. Kishikio cha droo kiingie vidole vyote. Kile cha kitufe kinataka nguvu ya kubana. Pembe zizungushwe. Wengi hulisahau hili: chandarua hunasa kwenye pembe kali na kuchanika, na huku kwetu mgonjwa asiye na chandarua yuko hatarini.

Anayeuguza pia ana haki yake. Usiku anatandika mkeka chini, mchana ana beseni, chupa ya chai na kanga za kubadilisha. Mwachie nafasi na ndoano.

Kuhusu malighafi: mninga ni mzuri, lakini maji ya klorini hula vanishi, na mbao ikibaki tupu hunyonya uchafu. Chuma cha kawaida nacho, kwa klorini na upepo huu wa bahari, hakikawii kushika kutu. Bajeti ikiruhusu, dai stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Halafu usichonge vyote kwa mkupuo. Tengeneza kimoja, kiache wodini wiki nzima, kisha urudi uulize. Anza na dada wa usafi. Atakipindua na kukuonyesha kila kona ambayo kitambaa chake hakifiki.