Re: Emacs inaniletea "void-variable n" nikiita lambda
Mkuu ile lambda (function isiyo na jina) uliyoiunda ndani ya let, inayotumia n, iko poa, tatizo ni faili. Mpaka Emacs 30, bila kuambiwa vingine Elisp (lugha ya kuprogramu ya kihariri cha Emacs) inatumia ule mtindo wake wa kizamani, let (inayoipa n thamani kwa muda) ikishaisha na ile n imeondoka nayo, sasa lambda ukiiita baadaye inatafuta n haioni kitu. Tangu Emacs 24 dawa ipo, ya kuifanya lambda ibaki na n yake, mstari wa kwanza kabisa wa faili, sio wa pili, weka hivi:

;;; -*- lexical-binding: t -*-

Halafu sevu, funga faili ulifungue upya ndo u-evaluate (uendeshe msimbo), maana C-x C-e, amri ya ku-evaluate, inafuata hali ya bafa (faili lililo wazi ndani ya Emacs) ilivyofunguliwa, mi hapo nilipoteza jioni nzima aisee nikidhani kompyuta imerogwa. Ukimaliza piga M-x byte-compile-file ukompaili faili, itakuonyesha na vigeu usivyovitumia.