Usimtilie chumvi: niliyojifunza kwa kufuga krefishi Dodoma

Jirani yangu hapa Kisasa alipohamishwa kikazi aliniachia tangi la kioo, pampu ndogo ya hewa na mnyama mmoja wa buluu iliyokolea, urefu wake kama kiganja. "Ni mtoto wa kamba kochi," akaniambia, kwa kuwa ndivyo alivyouziwa Dar. "Kila ukibadili maji, mtilie chumvi kidogo." Wiki hiyohiyo bibi anayetuletea mlenda alichungulia kwenye tangi, akarudi nyuma hatua mbili: "Mjukuu wangu, nge unamfuga wa nini?"

Hakuwa kamba kochi, wala hakuwa nge. Alikuwa krefishi, mnyama wa jamii ya kamba na kaa. Nilichelewa kulielewa hilo, na kuchelewa huko ndiko kunakonifanya niandike. Makosa mengi ya kumtunza krefishi huanzia kwenye jina tulilompa.

Anza na kamba kochi. Yule wa bahari yetu, anayeuzwa feri, hana magando makubwa. Ana papasi mbili kichwani, ndefu, nene, zenye miiba. Kwa hiyo mnyama mwenye magando mawili makubwa kifuani hawezi kuwa mtoto wa kamba kochi wetu, awe mdogo kiasi gani. Nge naye ana miguu minane, na mkia wake huinuka juu ukiwa na mwiba, wakati mkia wa krefishi huishia na pezi pana kama upepeo na hujikunja kwenda chini ya tumbo. Kaa wa mtoni mkia wake umebanwa kabisa chini ya mwili. Ukitaka uhakika, hesabu miguu: krefishi ana jozi tano ukijumlisha magando, na jozi tatu za mbele zote zina vibano nchani. Jozi ya kwanza ndiyo kubwa, hizo mbili za nyuma yake ni vibano vidogo vya kuokotea chakula. Kaa ana jozi moja tu ya magando.

Rangi isikudanganye. Watu husema "wa buluu" kana kwamba ni aina, kumbe wapo wa buluu katika aina zaidi ya moja. Wangu alikuwa na baka jekundu laini upande wa nje wa kila gando, na kwa siku kadhaa nilidhani ni kidonda. Ni alama ya dume la aina moja ya krefishi wa Australia. Jike halina baka hilo. Yule wa kusini mwa Marekani, anayejulikana zaidi kwa wekundu wake, magando yake yana vinundu vingi ukiyatazama kwa karibu.

Sasa maji, ambako lugha yetu yenyewe inatutega mara mbili. Krefishi ni mnyama wa maji baridi, maana yake maji yasiyo ya bahari. Mpwa wangu alisikia neno hilo akamtilia vipande vya barafu kutoka kwenye friji, kwa upendo kabisa. Huyu wa Australia ametoka upande wa joto wa nchi hiyo, na nyuzi 23 hadi 30 ndizo zinazomfaa. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unampoza kupita kiasi, hivyo miezi hiyo tangi nalisogeza mbali na dirisha na ukuta wa nje. Oktoba na Novemba tatizo linageuka: maji ya moto hushika hewa kidogo, na umeme ukikatika pampu inazima. Hapo punguza kina cha maji, na mwekee jiwe au kipande cha chungu ambacho anaweza kupanda hadi karibu na uso wa maji.

Mtego wa pili ni "maji ya chumvi". Hivyo ndivyo wengi tunavyoyaita maji ya visima vya hapa, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ukoko ule ni chokaa, nayo chokaa ndiyo inayojenga gamba lake. Chumvi ya mezani anaweza kuivumilia kidogo, lakini haihitaji. Anayetumia maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiye anayepaswa kuhangaika, amsagie maganda ya mayai. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue, kisha badilisha robo ya tangi kila wiki. Usiamini anayekuambia kwamba krefishi anasafisha tangi mwenyewe kwa sababu anakula mabaki. Naye anajisaidia humohumo.

Kuhusu chakula sina mengi: mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, karoti, na dagaa mmoja aliyeoshwa vizuri mara mbili kwa wiki. Asubuhi ondoa alichobakiza. Samaki usimchanganyie, atawakamata usiku. Ukiona gamba tupu limelala chini usilitupe: amejivua, atalila ili arudishe chokaa mwilini, na yeye mwenyewe amejificha akiwa laini. Mwache siku kadhaa bila kumshika. Hata gando lililokatika litaota tena, dogo mwanzoni.

Ninachotaka ukumbuke kuliko vyote ni dawa ya mbu. Tunamwona ana magamba na magando tukadhani ni mgumu. Mvua za Desemba zilipoanza, mbu wakajaa, nikapuliza dawa chumbani. Tangi nililifunika kwa kitambaa kizito nikajiona nimemaliza. Pampu niliiacha inafanya kazi. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji, na dawa nyingi tunazopulizia wadudu huwaua jamii ya kamba na kaa kwa kiwango kidogo mno. Asubuhi alikuwa chali, miguu inatetemeka. Nilimbadilishia maji yote, haikusaidia. Siku hizi ndani tunatumia chandarua tu. Dawa za samaki zenye shaba nazo zinaua vilevile, soma kibandiko kabla hujatia tone.

Wa pili nilimpata kwa mtu aliyekuwa amechoka naye na kupanga kumwachia bwawa la Hombolo. Nilimsihi asifanye hivyo. Bara letu, ukiiacha Madagaska, halina krefishi wa asili. Wa Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, na wa Australia wamesambaa hadi Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Aliniambia Dodoma ni kame, atakufa tu. Lakini yule wa Marekani huchimba shimo na kusubiri ukame upite, na Hombolo iko kwenye mkondo wa Kinyasungwe unaoelekea mto Wami. Akasema tena, mmoja peke yake hawezi kuzaa. Ipo aina yenye madoa kama marumaru ambayo wote ni majike na huzaa bila dume. Imeshaenea Madagaska.

Kwa hiyo kabla hujanunua, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kama mnyama huyo anaruhusiwa, na mnyama akikushinda kumfuga, mrudie ofisa huyohuyo. Weka kifuniko kizito, kwa maana hupanda mpira wa hewa na kutoka usiku, na anaweza kutembea saa kadhaa nje ya maji. Maji machafu ya tangi mimi simwagi mtaroni. Nayachuja kwa kitambaa, kisha nayamwaga kwenye shina la mpapai.