Mti ulionasa: usiingie chini yake

Ndugu yangu, nimekuelewa: msimamizi anataka uingie chini ya mti uliokatwa ukanasa kwa mwenzake, ukate ule unaoushikilia, na hata kofia ngumu hujapewa, nawe unaogopa kufukuzwa ukikataa. Tafadhali usifanye hivyo. Mti ulionasa unaweza kushuka wakati wowote bila kukuonya, na ukikata unaoushikilia, yote miwili inakujia, hujui upande gani. Mti ulionasa huvutwa kwa winchi (mashine ya kuvutia kwa kamba ya chuma) au trekta, watu wakiwa mbali. Kama vifaa havipo leo, wekeni alama kuzunguka eneo lote, mtu asipite, muendelee kwingine.

Siku zote, kabla ya kuwasha chenso (msumeno wa mnyororo) tazama juu: tawi kavu lililoning'inia linatosha kuua. Fyeka njia ya kukimbilia, ya mshazari kuelekea nyuma, kinyume na mti unakoangukia. Wenzako wakae angalau mara mbili ya urefu wa mti. Na usikate shina likaisha. Acha ukanda wa mbao, kama sehemu ya kumi ya kipenyo, kwani ndio unaouongoza mti unapolala. Ukiukata wote, mti unajichagulia pa kwenda.

Kuhusu kufukuzwa, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (1981) unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo mbele yake. Ulizia kama nchi yako imeuridhia, kisha mwone mkaguzi wa usalama kazini au chama cha wafanyakazi, mapema, kabla hujaitwa tena kwenye mti huo.