Shangazi, mama anakula mkate na chai tu

"Shangazi shikamoo. Mama yangu ana miaka 73, anaishi Muheza na dada wa kazi, sisi watoto tuko Dar. Ana presha na sukari, tukamkataza chumvi, mafuta, nazi, nyama, wali na matunda. Sasa hataki kula kabisa, ni mkate na chai ya rangi asubuhi mpaka usiku, kwa miezi sita katoka kilo 61 mpaka 55. Kaka anasema ni uzee tu. Nimemnunulia unga wa lishe wa kopo, anawagawia watoto wa jirani. Nifanyeje? Binti wa Tabata."

Marahaba mwanangu. Kaka yako mwambie sivyo, kilo 6 kwa miezi sita ni karibu asilimia 10 ya mwili wake, na mzee akipungua hata asilimia 5 bila kukusudia anatakiwa aonwe na daktari, so wiki hii hii mama apelekwe hospitali, msisubiri sikukuu.

Alafu usinune ila mmemkatazia mno. Mmemnyima papai mkamwachia mkate mweupe ambao ndo unapandisha sukari chap, na chumvi nayo imo humo humo! Cha kubana kweli ni chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na soda na vitu vya sukari sukari. Wali kidogo anakula, tunda kipande anakula, nazi nyepesi sio sumu. Chakula kisiwe chapwa, dada akamulie ndimu, aweke tangawizi na kitunguu swaumu, zile kiungo za vipakti aachane nazo maana nyingi zimejaa chumvi.

Na hivi kuna mtu kamwangalia mdomoni? Mi nahisi meno. Mtu anayechovya mkate kwenye chai kutwa mara nyingi hawezi kutafuna, ana jino linauma au fizi zina vidonda na anaona aibu kusema, nyie mnajua anasusa.

Anachokosa zaidi hapo ni protini, mzee anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwa mama ni gramu 55 na kuendelea, huo mkate haumfikishi hata nusu, ndo maana misuli inaisha na kesho atakwambia magoti hayana nguvu. (Kama figo zina shida muulizeni daktari kwanza.) Wala hamhitaji kopo la bei mbaya. Asubuhi apikiwe mbaazi za nazi ziive mpaka zilainike, hizo mtu wa Tanga hakatai, mchana samaki wa chukuchuku aliyetolewa miba na ugali laini, jioni uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga, yai moja la kuchemsha liwepo popote katikati. Dagaa waoshwe kwa maji moto mara mbili chumvi itoke, wakaangwe kidogo bila kuungua, watwangwe kwenye kinu mpaka wawe unga, kijiko kimoja au viwili vinaingia kwenye mchicha na hatafuni kitu, na kwa kuwa mifupa imo humo anapata na kalsiamu. Chai isogezwe mbali na chakula kama saa moja hivi maana inazuia madini ya chuma.

Maji nayo, uzeeni kiu inapungua, na wengine wanajinyima makusudi wasiamke usiku kwenda choo cha nje, basi anywe mchana mchana.

Dada wa kazi akae ale nae sahani moja, sio anamwekea mezani anarudi kwenye simu. Hao watoto wa jirani waiteni pia, inaonekana anawapenda.

Siku ya hospitali bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za kienyeji, kuna dawa zinaua hamu ya kula, na kama anatumia metformin ya sukari muulizeni daktari kuhusu vitamini B12 maana ikitumika muda mrefu inaweza kuishusha.